Kahawia, Nyeusi, Nyekundu

Nyani ndiye aliyeanza. Hilo kila mtu shuleni alilijua, hata Mwalimu Donati, ingawa baadaye alilisimulia jambo lenyewe kana kwamba nyani hakuwepo kabisa.

Shule ile iko nje kidogo ya Mikumi, upande wa barabara inayokwenda Kilosa, na nyani wa huko hawamwogopi mtu. Jumamosi moja dume kubwa lilipita kwenye dirisha la maabara lililokosa kioo, likafungua kabati, likatafuta chakula, lisikione. Kwa hasira likapindua sanduku la droo ndogo ndogo, kisha likaondoka na kipande cha sabuni ya mche. Nasieku alipofika na ufagio wake alikuta rezista mia nne zimetapakaa sakafuni.

Rezista ni vijidude vidogo kama punje za mpunga, kila kimoja na waya huku na huku, na mistari minne ya rangi mwilini. Kazi yake ni kuubana umeme. Nyingine hubana kidogo, nyingine sana, na mistari ndiyo inayosema ni kiasi gani.

Nasieku binti Seuri alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwenye karatasi za shule aliandikwa mfanya usafi, lakini kwa miaka miwili alikuwa amefanya kazi zote za msaidizi wa maabara. Shule yenyewe aliiacha akiwa darasa la tano, mwaka ambao baba yake alihamisha mifugo kutoka Mvumi na shule ya karibu ikawa mwendo wa nusu siku. Hakuwa msemaji. Mtu akimuuliza jambo, alijibu akitazama vidole vya miguu yake, na wageni wengi walidhani hajui Kiswahili.

Aliyemjua vizuri alikuwa Mwalimu Devota, mwalimu pekee wa fizikia wa kidato cha tano na cha sita. Mwalimu Devota alikuwa amepanga somo lote la miaka miwili kwenye karatasi za mifuko ya saruji alizozikung'uta na kuzibandika ukuta mzima wa nyuma: wiki kwa wiki, mada, zoezi la vitendo, na vifaa vinavyohitajika. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Nasieku kiliishia kwenye salamu za asubuhi. Basi mwalimu akampa kalamu ya wino mzito, akamwambia, "Wewe chora."

Nasieku akachora. Chini ya kila wiki kukawa na picha: jiwe linaloning'inia kwenye uzi, kikombe kinachofuka moshi, kipande cha kioo na miale yake. Kila Jumatatu asubuhi aliutazama ukuta, akapanga vifaa kwenye masinia, kila kundi na sinia lake. Katika miaka ile miwili hakuna sinia lililowahi kukosa kitu.

Mwalimu Devota alipoziona rezista zile chini, alishika kichwa. Kifaa chao kimoja cha kupimia umeme kilikuwa kimekufa betri.

"Zipange kwa rangi, mdogo wangu," alisema. "Zinazofanana mistari ziwe pamoja. Macho yako yanaweza."

Macho yake yaliweza. Mama yake, Nailantei, alimfundisha kutunga shanga kabla hajajua kuhesabu mpaka mia. Kwa siku mbili alikaa chini ya dirisha, akageuza hii, akageuza ile, akalaza kila aina mahali pake. Mstari wa nne ulikuwa wa dhahabu kwa zote. Aliuona kama fundo la kufungia bangili, ambalo kila fundi hulifunga upande anaoutaka. Akajaza droo ishirini, na mbele ya kila droo akabandika rezista moja ya mfano. Hakumwambia mtu kwamba anajivunia. Aliifuta tu meza mara mbili.

*

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa Februari, na mtihani wa taifa ulikuwa Mei. Wiki mbili baadaye ikaja habari kutoka Kilosa: Alhamisi, mthibiti ubora wa elimu angekuja kuangalia kama fizikia ya vitendo inafundishika pale shuleni. Wanafunzi wakishindwa mbele yake, somo lingefungwa. Kumi na watatu wa kidato cha sita wangetawanywa kwenye shule nyingine miezi mitatu kabla ya mtihani, kidato cha tano kisingepokea mtu wa fizikia, na maabara ingekuwa stoo ya mahindi. Wazo la stoo lilikuwa la Mwalimu Donati, makamu wa mkuu wa shule, naye hakulificha. Panya walikuwa wanayamaliza mahindi ya chakula cha wanafunzi, na paa la maabara ndilo pekee lisilovuja.

Jumatano alfajiri Mwalimu Devota akapanda gari kwenda Kilosa kununua betri na kumchukua huyo mgeni. Mkuu wa shule alikuwa safarini. Kabla ya kuondoka, Mwalimu Devota alimvua Nasieku kitambaa cha vumbi begani, akamvika shingoni ufunguo wa maabara.

"Wafanye zoezi la waya. Salome atawaongoza. Wewe angalia masinia."

Zoezi la waya ni jepesi kulieleza. Juu ya ubao umenyooshwa waya wa mita moja. Unaweka rezista upande huu na nyingine upande ule, kisha unagusa waya hapa na pale mpaka mshale wa kipimo utulie kwenye sifuri. Ni mizani, ila inapima umeme badala ya nyama. Rezista zikiwa sawa, mahali pa kutulia ni katikati kabisa, sentimita hamsini. Mwalimu Devota alitaka waanze na rezista mbili za aina moja ili wauhakikishe ubao kabla ya kazi yenyewe.

"Hamsini!" kundi la kwanza likapaza sauti.

"Themanini na tatu," akasema Alfred wa kundi la pili. "Salome, hii ni fizikia au bahati nasibu?"

"Sisi kumi na saba," likasema kundi la tatu.

"Rudieni."

Wakarudia. Hamsini, themanini na tatu, kumi na saba. Kundi la nne nalo likapata themanini na tatu. Salome, msichana mrefu kutoka Vidunda aliyekuwa kiongozi wa darasa, akaanza kung'ata kucha. Hapo ndipo Mwalimu Donati alipoingia.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Katikati ya waya, mwalimu."

"Mmeipata wapi?"

Alfred, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akajibu, "Sehemu tatu, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Donati akawasubiri wamalize.

"Mimi nafundisha jiografia," alisema. "Hata Dodoma, katikati ya nchi, iko sehemu moja. Nyinyi mna katikati tatu kwenye waya wa mita moja, na kesho mnataka mtu atoke Kilosa aje kuziona?" Akagusa ubao kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa kidonda. "Vyombo vibovu. Nimesema tangu mwaka jana. Namtafuta Mwalimu Devota kwenye simu amwambie huyo mama mthibiti asijisumbue. Nasieku, saa kumi kamili masinia yote yawe kabatini, na ufunguo nauona mezani kwangu."

Nasieku alitazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu Donati akatoka akibonyeza simu.

*

Hakuna aliyecheka tena. Yusrah wa kundi la tatu alianza kukusanya madaftari yake polepole, kama mtu anayeondoka msibani.

"Subiri," alisema Salome. "Themanini na tatu na kumi na saba ni ngapi?"

"Mia," Yusrah akajibu.

"Mia kamili. Waya mbovu hauwezi kupatia hivyo. Ubao uko sawa. Rezista ndizo haziko sawa, na kwenu zimekaa kinyume cha kwa Alfred." Akazichomoa mbili za kundi la pili, akazisogeza kwenye mwanga. "Kahawia moja, nyeusi sifuri, nyekundu sifuri mbili. Elfu moja. Na hii... nyekundu mbili, nyeusi sifuri, kahawia sifuri moja. Mia mbili." Akainua macho. "Dada Nasieku, hizi zimetoka droo moja?"

"Droo moja," alijibu Nasieku kwa sauti ndogo.

"Hazifanani lakini. Hii inabana mara tano ya hii."

Nasieku akasogea. Akazishika zote mbili, akaigeuza moja. Kahawia, nyeusi, nyekundu. Kahawia, nyeusi, nyekundu. "Mbona ni zile zile?"

"Usigeuze! Ndipo unapopotea. Unashika hii ya dhahabu mkono wa kulia, unaanza kusoma upande wa pili. Kila rezista ina mwanzo wake."

Nasieku alihisi moto umemshika masikio. Bangili ya shanga haina mwanzo. Ukiishika hivi au ukiigeuza, mkononi ni bangili ile ile, na mama yake angemcheka mtu anayeuliza shanga ya kwanza ni ipi. Kumbe siku zile mbili chini ya dirisha alikuwa anatunga bangili. Alikuwa amezigeuza kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya moja, mpaka zikafanana.

"Ni mimi," alisema.

"Tutasema ni nyani," akadakia Alfred upesi. "Kwani si kweli? Alimwaga yeye."

"Nyani hakupanga."

Wote wakamtazama, maana lile lilikuwa neno zito kwake. Nasieku aliutazama ukuta wa karatasi za saruji. Wiki ya mwisho kabisa, ile ya kabla ya mtihani, ilikuwa bado haina picha. Alikuwa ameiacha kwa sababu aliona ni mkosi kuchora kitu ambacho hakijafika. Sasa alijiona mjinga. Angeichora kwanza, halafu tuone nani wa kuifuta.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu."

Akavuta lile sanduku, akamwaga droo zote ishirini juu ya sinia kubwa la alumini, mlio wake ukawa kama mvua ya kwanza kwenye bati.

"Dada Nasieku!" Yusrah alishika mdomo. "Si zilizoharibika ni droo chache tu?"

"Sijui ni zipi. Naanza upya."

Alilibeba sinia mpaka mlangoni, akaketi kizingitini palipokuwa na mwanga, akanyoosha miguu mpaka fremu ya pili, sinia mapajani. Hakuna ambaye angepita pale bila kumruka. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, maana ilitaka kugeuza. Aliishika rezista ya kwanza, akaitazama sana, kisha akakumbuka ng'ombe. Ng'ombe hasomwi kama bangili. Hakuna mfugaji anayesema "yule mwenye mkia mweupe na kichwa chekundu" akamaanisha pia yule mwenye kichwa cheupe na mkia mwekundu. Unaanza kichwani. Dhahabu ni mkia.

Baada ya hapo mikono ikaenda yenyewe. Mkia huku, kichwa huku. Kahawia, nyeusi, nyekundu: hapa. Nyekundu, nyeusi, kahawia: kule. Salome aliketi nyuma yake akihakiki kila fungu kwa daftari lake. Saa saba wanafunzi walimletea Nasieku ugali na maharage, akala kwa mkono mmoja.

*

Saa kumi kamili Mwalimu Donati akarudi. Alimkuta Nasieku kizingitini, na nyuma yake wanafunzi wote kumi na watatu, wengine wamekalia stuli, wengine sakafuni.

"Hiki nini?"

Salome alifungua mdomo, lakini Nasieku akamtangulia. "Rezista zilichanganyika, mwalimu. Nilizipanga vibaya mimi. Vyombo ni vizima."

Mwalimu Donati akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko ukali wake. "Nilijua tu. Nyani wa kwanza akamwaga, wa pili akapanga."

Hakuna aliyecheka. Alfred mwenyewe, aliyecheka hata kwenye paredi, alitazama pembeni.

"Nipe ufunguo."

Nasieku alitamani ardhi ipasuke aingie. Badala yake aliinua uso, akamtazama mwalimu machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Mwalimu Donati akakwama. Salamu ile haiachwi hewani, wala haijibiwi kwa matusi, tena mbele ya watoto wa watu kumi na watatu.

"Marahaba," alisema.

"Ufunguo nilipewa na Mwalimu Devota. Akirudi nitampa yeye mkononi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekuamkia."

"Wewe ni mfanya usafi! Darasa la tano! Nitamwita mzee wako aje akuchukue, urudi kwa ng'ombe wenu!"

"Ng'ombe wa baba nilikuwa nawajua wote kwa rangi," alisema Nasieku. "Siku niliyoachiwa kuchunga hakupotea hata ndama. Hizi nilikosea kwa sababu sikuambiwa kichwa kiko wapi. Sasa nimeambiwa."

Akainamisha kichwa, akaendelea kupanga. Vidole havikusimama. Mwalimu Donati aliitazama ile miguu iliyonyooka mlangoni, akapima kama aruke au asiruke. Mtu mzima, makamu wa mkuu wa shule, kuruka miguu ya msichana mbele ya darasa! Simu ya Mwalimu Devota nayo ilikuwa haipatikani, labda alikokuwa hakukuwa na mtandao.

"Kesho," alisema. "Kesho tutaona." Akawapa kisogo.

Zilikuwa zimebaki sitini. Jua lilipogusa milima, Nasieku alifunga droo ya mwisho. Hazikuwa tena droo ishirini, zilikuwa ishirini na saba, nyingine za makopo ya majani ya chai.

*

Mthibiti ubora aliitwa Bibi Generoza, mama mnene wa miwani, asiyecheka ovyo. Alhamisi saa tatu alisimama katikati ya maabara na fomu yake, Mwalimu Donati mkono wa kulia, Mwalimu Devota mkono wa kushoto. Mwalimu Devota alikwisha kusikia yote tangu getini, na uso wake ulikuwa na hofu. Nasieku alisimama nyuma karibu na ukuta wa karatasi.

"Anzeni," alisema Bibi Generoza.

Waya zikaguswa. Mishale ikacheza, ikatulia.

"Hamsini."

"Hamsini."

"Arobaini na tisa nukta nane."

"Hamsini!" Alfred alipiga kelele kana kwamba amefunga goli.

Bibi Generoza alikichukua kile kifaa chenye betri mpya, akafungua kopo moja la majani ya chai, akapima rezista tano. Akafungua lingine, akapima tano. Kisha akauendea ukuta, akazitazama picha wiki baada ya wiki mpaka ya mwisho, ambayo wino wake bado uling'aa. Palikuwa na ng'ombe mdogo mwenye mistari mwilini na mkia wa manjano.

"Kidato cha sita watafanya mtihani wao hapa," alisema. "Kuhusu kidato cha tano nitaandika nilichokiona, wakubwa wataamua." Akageuza ukurasa wa fomu. "Msaidizi wa maabara ni nani?"

"Hatuna kwa sasa," Mwalimu Devota alijibu haraka. "Tumeomba. Huyu binti anatusaidia usafi."

Alilisema kwa nia njema. Nasieku aliliona hilo, maana mwalimu alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba radhi. Nafasi tupu kwenye fomu haina ubishi, na jina lisilo na cheti lingeweza kuharibu yote. Mwalimu Donati alikuwa ametulia tuli, anasubiri. Nasieku aliona kwamba kunyamaza kwake siku zote kulikuwa kumewarahisishia watu kazi, wema na wabaya.

"Yupo," alisema.

Bibi Generoza akageuka. "Nani?"

"Mimi. Nasieku Seuri."

"Una elimu gani?"

"La saba," akadakia Mwalimu Devota.

"La tano, mwalimu," alisema Nasieku. "Sikumaliza. Na jana rezista zilikuwa zimechanganyika, nilizichanganya mimi. Na aliyezipanga mpaka mkapata hamsini ni mimi."

Kalamu ilikaa hewani. "Nikiandika hivyo, binti, watauliza."

"Waje waulize. Nitawaonyesha kichwa na mkia."

Bibi Generoza alimtazama kwa juu ya miwani, halafu akaandika, taratibu, kwa herufi kubwa. Alipomaliza akaigeuza fomu ili Nasieku aione. Nasieku alisoma herufi moja moja, bila haraka, watu wazima watatu wakimsubiri. Jina lilikuwa lake. Tano ilikuwa tano. Akatikisa kichwa kukubali.

Walipokuwa wanatoka, Mwalimu Donati akapita karibu naye bila kumtazama.

"Mwalimu," alimwita. "Shikamoo."

"Marahaba. Nini tena?"

"Naomba wavu wa chuma wa hili dirisha."

"Wavu wa nini?"

"Wa nyani, mwalimu," alisema Nasieku. "Yule wa kwanza."